Kunyonya Ngazi: Uchawi wa Wafu na Thamani ya Jasho katika Baldur's Gate II

UTANGULIZI

Muhula uliopita, katika semina moja ya nadharia ya fasihi, mwenzetu mmoja aliuliza kama mchezo wa kompyuta unaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, tena kwa sauti. Makala hii ni namna yangu ya kumwomba radhi mwenzetu yule.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba nataka kutetea kila mchezo. Ipo mingi isiyo na lolote zaidi ya kufyatua risasi. Ninachotaka ni kuchukua kipengele kimoja kidogo, uchawi mmoja tu wa kunyonya ngazi, na kuonyesha kuwa ndani yake imo dhamira nzito. Nitatumia mchezo wa Baldur's Gate II: Shadows of Amn, uliotengenezwa na kampuni ya BioWare na kutoka mwaka 2000, pamoja na nyongeza yake Throne of Bhaal ya mwaka 2001. Toleo lililofanyiwa marekebisho lilitoka mwaka 2013, na ndilo alilonalo mdogo wangu kwenye kompyuta yetu chakavu pale nyumbani. Yeye ndiye mchezaji. Mimi nilikuwa mtazamaji mpaka pale lilipotokea jambo nitakalolieleza.

Hoja kuu ya makala ni hii: uchawi wa kunyonya ngazi haumwui mhusika, bali unamnyang'anya safari aliyokwisha kuitembea. Kwa hiyo unagusa swali ambalo fasihi yetu imelishughulikia tangu zamani, nalo ni nani mwenye haki juu ya jasho la mtu. Mchezo unalijibu swali hilo vizuri pale tunaponyonywa sisi. Pale tunapokuwa sisi ndio wanyonyaji, mchezo unanyamaza. Ukimya huo ndio unaonisumbua.

UCHAWI WENYEWE NA KANUNI ZAKE

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuucheza, tueleze kidogo. Baldur's Gate II umejengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani kwa kete na karatasi uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Mchezaji huanza na mhusika dhaifu. Kwa kila adui anayemshinda na kila kazi anayoikamilisha hupata pointi za uzoefu, na pointi zikifika kiwango fulani mhusika hupanda ngazi. Kila ngazi humwongezea uhai, shabaha na maarifa ya uchawi. Kwa maneno mengine, ngazi ni wasifu wa mhusika ulioandikwa kwa tarakimu.

Tangu toleo lile la 1974 walikuwemo wafu wanaotembea ambao pigo lao halikuishia kwenye kuumiza mwili. Lilifuta ngazi. Wako waliofuta ngazi moja kwa pigo, na wako waliofuta mbili, miongoni mwao vampaya, yaani mfu anyonyaye damu. Wachezaji waliwaogopa hawa kuliko mazimwi, na ni rahisi kuona kwa nini. Mezani ngazi moja ilikuwa ni majuma mengi ya kukutana na marafiki na kurusha kete. Zimwi likikuua utakufa kishujaa, lakini mfu akikugusa utabaki hai ukiwa pungufu.

Baadaye mchawi naye akapewa uwezo huo. Katika kitabu cha wachezaji cha toleo la pili, kilichochapishwa mwaka 1989, upo uchawi uitwao Energy Drain, ambao hapa tutauita uchawi wa kunyonya ngazi. Umewekwa katika tawi la uchawi wa wafu, na ni wa daraja la tisa, daraja la juu kabisa. Mchawi hawezi kuufikia mpaka awe na ngazi 18, yaani pointi 3,000,000 za uzoefu. Anayeguswa hupoteza ngazi mbili papo hapo, na hapewi nafasi ya kurusha kete ajiokoe. Malighafi yake ni vumbi la vampaya au asili ya mzuka.

Lakini kanuni zile za 1989 zilimbana na mchawi mwenyewe. Kila anapoutumia uchawi huu, kuna uwezekano wa asilimia 5 kwamba vumbi lile litamrudia yeye, naye atapoteza pointi moja ya siha yake. Siha ikimwisha yote, anakufa na kugeuka kivuli. Sharti hili tulishike vizuri, maana tutalirudia.

FANI: JINSI KANUNI INAVYOSIMULIA

Darasani tumeonywa tusiseme kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Onyo hilo linafaa sana hapa. Katika mchezo, kanuni ndiyo fani, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayobeba maudhui. Espen Aarseth, katika kitabu chake Cybertext cha mwaka 1997, alieleza kwamba kuna matini zinazomtaka msomaji afanye kazi ili zijitokeze. Kugeuza ukurasa tu hakutoshi. Tukikubaliana naye, basi kitu cha kuhakiki si yale maneno peke yake yanayoonekana kwenye kioo. Tunahakiki pia kile ambacho kanuni inamfanyia anayecheza.

Hebu tuangalie muundo wa hadithi. Mhusika mkuu ni mtoto wa Bhaal, mungu wa mauaji aliyekwisha kufa. Anaamka akiwa amefungwa katika kizuizi cha mchawi aitwaye Jon Irenicus. Anatoroka, anaingia katika mji wa Athkatla, anatafuta fedha na marafiki, kisha anasafiri kumfuata Irenicus. Anapomfikia, Irenicus anamnyang'anya roho. Roho ya rafiki yake Imoen anapewa Bodhi, dada yake Irenicus, ambaye ni vampaya. Baadaye tunakuja kujua kwamba Irenicus na Bodhi nao walikuwa wamenyang'anywa. Walihukumiwa na watu wao, wakavuliwa asili yao na kufukuzwa. Wananyonya kwa kuwa walikaushwa.

Kwa hiyo hadithi nzima ni hadithi ya kunyonywa. Sasa basi, tazama jinsi fani inavyotuandaa. Kabla hatujanyang'anywa roho, tunakutana na vampaya katika makaburi ya Athkatla na hata barabarani usiku. Kila pigo lao linapotupata, ngazi zinashuka. Uhai unapungua, mkono unakosa shabaha, na uchawi uliokaririwa unatoweka kichwani. Mchezaji anajifunza kwa vidole vyake mwenyewe maana ya kupunguzwa. Irenicus anapokuja kuchukua roho, hatuhitaji hotuba ndefu ya kueleza uchungu huo. Tumeshauonja kwa kiwango kidogo pale makaburini. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima kulifanya hili, na huenda lisingetuingia kwa namna hii.

Nitoe ushahidi wa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amemlea mpiganaji wake kwa majuma kadhaa ya likizo. Usiku mmoja waliingia makaburini, wakapigana na vampaya watatu, wakashinda. Lakini pambano lilipokwisha, yule mpiganaji alikuwa ameshuka ngazi nne. Mdogo wangu hakupiga kelele kama anavyofanya akifa. Alihifadhi mchezo, akafunga mashine, akakaa kimya. Nilimwambia, "Si umeshinda?" Akanijibu, "Dada, hii si kufa. Hii ni kurudishwa darasa."

Ilibidi niondoke chumbani. Mdogo wangu alirudia kidato cha pili. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulimshinda mwaka ambao nyumbani mambo yalikuwa mabaya, na wenzake wote wakaendelea kidato cha tatu. Tulizoea kumwambia kwamba hajapoteza kitu, kwani bado ni mzima na shule bado ipo. Hatukuwa na neno la kuitaja hasara yake. Mchezo ulikuwa nalo.

MAUDHUI: DHAMIRA YA UNYONYAJI

Kiingereza kinauita uchawi huu kwa neno la kumwaga maji, kama mtu anayekausha bwawa. Kiswahili kinatupa neno bora zaidi. Kitenzi "kunyonya" kina mtoto na ziwa la mama, kina kupe na ng'ombe, na tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 kina bwana na mfanyakazi. Tunaposema "vampaya amemnyonya ngazi" tayari tumefanya uhakiki nusu. Lugha yenyewe imeshatuuliza: aliyenyonya amefaidi nini?

Hapa kanuni zinatoa jibu la kushangaza. Katika toleo la tatu lililorekebishwa mwaka 2003, linaloitwa 3.5, kiumbe anayenyonya ngazi hupata pointi 5 za uhai kwa kila ngazi aliyoinyonya, tena za muda, zisizodumu zaidi ya saa moja. Tufanye hesabu. Katika kanuni hizo, mhusika wa ngazi ya 9 ana pointi 36,000 za uzoefu, na ili afike ngazi ya 10 anahitaji 45,000. Ngazi ile ya kumi imemgharimu pointi 9,000. Hatari zote, majeraha yote na usiku wote wa kulala porini vimo ndani ya zile 9,000. Mnyonyaji anavipokea kama pointi 5 za kupita.

Huu ndio ukweli mchungu wa unyonyaji, na sidhani kama nimeuona ukisemwa kwa ufupi hivi. Tulizoea kudhani kwamba kinachochukuliwa kwa mnyonge huenda kizimakizima kwa mwenye nguvu. La hasha. Kilichokuwa maisha ya mtu kinageuka kuwa starehe ya saa moja kwa mwingine, na sehemu kubwa kabisa inapotea hewani bila kumnufaisha yeyote. Mchawi aliye hai anayetumia Energy Drain hapati hata hizo pointi 5, maana uchawi wake unafuta tu. Marx, katika juzuu ya kwanza ya Capital ya mwaka 1867, aliufananisha mtaji na mfu anyonyaye damu ya walio hai. Mfano wake ni mkali, lakini nadhani vampaya wa Dungeons & Dragons anaongeza jambo ambalo halimo katika mfano ule: ubadhirifu. Mnyonyaji si tajiri tu, ni mharibifu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na mazimwi yao, hayatuhusu. Tusiharakishe. Katika pwani na bara la Afrika Mashariki, wakati wa ukoloni zilienea habari za mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White ameziandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000, akizichukua kama namna watu walivyoueleza utawala wa kikoloni. Na nani kati yetu hajakua akisikia habari za msukule? Msukule ni mtu anayesemekana kufa kumbe amechukuliwa, akatumikishwe usiku shambani kwa aliyemchukua. Tukilinganisha tunaona tofauti yenye maana. Msukule ananyang'anywa kazi atakayoifanya kesho. Aliyenyonywa ngazi ananyang'anywa kazi aliyoifanya jana. Hofu ya kwanza ni ya jamii iliyoona watu wakipelekwa kufanya kazi kwa nguvu. Hofu ya pili ni ya jamii ambayo mtu hujihesabu kwa kiwango alichofikia: cheo, cheti, akiba, darasa. Sisi wasomaji wa jarida hili tunazijua zote mbili.

Hata tiba ndani ya mchezo ina ujumbe. Aliyenyonywa anaweza kwenda hekaluni akarudishiwa ngazi zake kwa malipo. Katika kanuni za mezani za 3.5, kasisi anayefanya tiba hiyo anahitaji vumbi la almasi lenye thamani ya vipande 100 vya dhahabu, na siku zikipita mno baada ya hasara, tiba hiyo haifai tena. Kwa ufupi, mwenye fedha anarudishiwa jana yake na asiye nazo anaanza upya. Sijui msomaji mwenzangu anafikiria nini hapo, lakini mimi nilifikiria shule za kulipia ambako wenzake mdogo wangu, walioanguka mtihani uleule, walihamishiwa.

SISI TUNAPOUTUMIA

Mpaka hapa tumekaa upande wa anayenyonywa, na ni rahisi kukaa upande huo. Lakini mchezo haukuishia hapo. Katika Shadows of Amn peke yake, pointi za uzoefu zimewekewa kikomo cha 2,950,000, yaani mchawi wetu anaachwa pointi 50,000 tu nyuma ya ngazi ya 18. Throne of Bhaal ikakisukuma kikomo hadi 8,000,000, na hapo mlango wa daraja la tisa ukafunguka. Siku mchawi wa mdogo wangu alipoufikia, uchawi ambao makaburini ulitunyamazisha ukawa ni mali yetu.

Nilimwomba autumie. Nilitaka kuona itakuwaje. Adui alikuwa mchawi kama wetu, aliyevaa joho, asiye na jina la kukumbukwa. Uchawi ukampata. Ngazi zikashuka. Halafu? Hakuna. Alipigana kwa udhaifu kidogo, akafa baada ya muda mfupi, tukampekua mifuko.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo naliona kuwa kiini cha makala hii. Uchawi ni uleule na tawi ni lilelile la wafu, lakini maana yake imegeuka kabisa. Sisi tuliponyonywa tulipoteza safari, kwa kuwa tuliitembea hatua kwa hatua. Adui amepewa ngazi zake na mtengenezaji wa mchezo kama tarakimu. Hakuwahi kuanza akiwa dhaifu, na hana usiku hata mmoja porini. Anaanza kuishi pale tunapofungua mlango wa chumba chake, na anakoma dakika chache baadaye. Kumnyonya mtu wa namna hiyo ni sawa na kumrushia mshale, tena mshale wenyewe butu. Ndiyo maana uchawi uliowekwa daraja la juu kabisa, sawa na ule wa kusimamisha wakati, unageuka kuwa silaha dhaifu mkononi mwetu. Unamwumiza mwenye jana na mwenye kesho tu, na adui zetu hawakupewa yoyote kati ya hizo.

Baadhi ya wenzangu niliowasomea rasimu walisema, "Sasa ulitaka kila adui apewe wasifu? Mchezo ungeisha lini?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sidai wasifu wa kila mtu. Nadai kwamba tulione pengo lilipo. Ni pengo lilelile tunalolipigia kelele tunaposoma riwaya za kikoloni, ambamo Mwafrika ana mikono ya kubeba mizigo lakini hana utoto, hana mama, hana alichokipenda kabla mzungu hajafika. Tumefundishwa kumuuliza mwandishi: kwa nini umempa huyu historia na yule ukamnyima? Swali hilo halipaswi kukoma eti kwa sababu matini sasa inakaa ndani ya kompyuta.

KUFAULU NA KUTOFAULU KWA WATUNZI

Watunzi wa Baldur's Gate II wamefaulu kwa kiasi kikubwa kuoanisha kanuni na hadithi. Kumfanya Bodhi, anayebeba roho ya Imoen, awe vampaya ni uamuzi wa kisanii. Kinachotokea katika pambano dogo kinatokea pia katika mgogoro mkuu. Wamefaulu pia kutufanya tumchukie Irenicus na wakati huohuo tuelewe kilichomkausha. Huo ni ujenzi wa mhusika mviringo hata kwa vipimo vya darasani.

Kutofaulu kwao, kwa maoni yangu, kuko katika mambo mawili. La kwanza nimelieleza: adui asiye na jana. La pili ni mchawi asiye na gharama. Tukumbuke sharti la kitabu cha 1989, kwamba mtumiaji wa uchawi huu alihatarisha siha yake na mwishowe angeweza kugeuka kivuli. Lilikuwa sharti dogo la asilimia 5, lakini lilikuwa na busara ya wahenga ndani yake: anayenyonya wenzake huisha taratibu yeye mwenyewe. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliondoa vumbi la vampaya, na adhabu ile ikaondoka nalo. Tangu hapo mchawi ananyoosha kidole, mwali unatoka, na mikono yake inabaki safi.

Tena si gharama ya mnyonyaji tu iliyopungua. Toleo la nne la mwaka 2008 liliacha kabisa kufuta ngazi, na la tano la mwaka 2014 likafuata njia hiyohiyo: vampaya akikuuma sasa anapunguza kiwango chako cha juu cha uhai, na ukipata pumziko refu kinarudi. Wachezaji wengi walifurahi, na siwalaumu, kwani ni nani anayependa kurudishwa darasa? Hata hivyo kitu kimepotea. Jeraha linalopona kwa usingizi wa usiku mmoja haliwezi kubeba dhamira ya jasho lililoibwa.

Kuna suala la kuhifadhi mchezo pia. Mezani kilichotokea kimetokea. Kwenye kompyuta, mchezaji aliyenyonywa anaweza kurudi mahali alipohifadhi kabla ya makaburi na kuingia upya, kana kwamba hakuna lililompata. Wapo watakaosema kwamba hii inaua tanzia moja kwa moja, na kwamba hoja zangu zote zinaanguka hapo. Sikubaliani nao kabisa. Katika fasihi simulizi, fisi aliyekufa jana jioni yu hai tena kesho bibi akianza upya ngano ileile. Lakini wasikilizaji hawajasahau jana. Wanajua kitakachompata, na kujua huko ndiko kunakobadilisha usikilizaji wao. Mchezaji anayerudi nyuma ni kama msikilizaji huyo. Mhusika wake amesahau, yeye mwenyewe anakumbuka.

Isitoshe, si kila mchezaji hurudi nyuma. Asubuhi iliyofuata usiku ule wa makaburi, mdogo wangu alifungua mashine. Alikuwa na mahali pengine alipohifadhi, saa moja kabla ya vampaya. Nilimwelekeza. Akakataa. Akamchukua mpiganaji wake aliyepungua ngazi nne, akamvusha mji mzima mpaka hekaluni, akalipa, akamrudisha. Nilimuuliza kwa nini amepoteza fedha bure. Akasema, "Nikirudi nyuma itakuwa kama haikutokea. Na ilitokea, Dada."

HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba uchawi wa kunyonya ngazi ni zaidi ya hila ya vita. Kwa upande wa fani, ni kanuni inayomfundisha mchezaji dhamira ya hadithi kabla hadithi haijaisema. Kwa upande wa maudhui, inasawiri unyonyaji kama uharibifu: safari ya mtu inabadilishwa kwa saa moja ya uhai wa mwingine. Na pale tunapoutumia sisi wenyewe, inafichua kwamba mchezo umewagawa viumbe wake katika wenye historia na wasio nayo.

Sina hakika kama mchezo wa kompyuta ni fasihi kwa maana tuliyoizoea, na suala hilo nawaachia walimu wetu na wenzangu tulijadili katika kurasa hizi. Nina hakika na jambo moja dogo. Siku ile nilipomwambia mdogo wangu amnyonye yule mchawi asiye na jina, baada ya kumpekua mifuko alibaki ameangalia kioo kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu naye alikuwa amefika wapi?" Nikamjibu kwamba hakufika popote, ni adui tu. Nilipokuwa nikiandika makala hii nimelirudia jibu langu mara nyingi, na kila mara limenifanya nimkumbuke yule mwenzetu wa semina na kicheko changu. Uhakiki mzuri wa mchezo huu ulifanywa na mtoto wa kidato cha pili, kwa swali moja. Mimi nimeongeza maelezo.